Stelingi wa Mkaa

Kwanza kabisa, nchi ninayoisimulia haipo. Nasema mapema tusije tukagombana. Msiitafute kwenye ramani, na mkikutana na mtu akawaambia, "Ah, mbona hii ni kwetu?" mtu huyo mkimbieni, ametumwa. Nchi haipo, Mlezi Mkuu wake hayupo, na mimi ninayesimulia, kwa jinsi mambo yalivyoniendea, nimeanza nami kutokuwepo kidogo kidogo. 

Katika nchi hiyo mimi ni DJ. Si DJ wa muziki, la. Natafsiri filamu kwenye kibanda umiza. Watu wanabanana kwenye mabenchi, filamu ya Wachina inakwenda, na mimi nimekaa pembeni na maiki nawaeleza nani kasema nini. Kichina chenyewe sikijui, lakini hakuna mteja aliyewahi kunirudisha nyuma. Kazi yetu ina sharti moja tu: mtu akitokea kwenye kioo, kabla benchi la nyuma halijaanza kupiga kelele, uwe umeshawaambia stelingi ni nani na adui ni nani. Stelingi ndiye tunayemfuata mpaka mwisho. Stelingi hafi. Ukikosea stelingi utarushiwa maganda ya miwa mpaka ujute kuzaliwa. Jina langu Ngwali, mtaani wananiita DJ Radi, ingawa radi yenyewe ikipiga mimi huwa niko chini ya kitanda.

Mimi ni mwoga. Naomba mlijue hilo tangu sasa, msije mkategemea mengine.

Basi, kila mwaka nchi hiyo ina Siku ya Kushukuru. Wananchi hukusanyika uwanjani kumshukuru Mlezi Mkuu kwa mvua kama imenyesha, na kwa uvumilivu wake kama haikunyesha. Simu zote huachwa getini ili mikono iwe huru kupiga makofi. Mwaka ule wananchi walijengewa jukwaa jipya la mbao, refu kuliko nyumba yoyote mjini, na fundi wake alikuwa shemeji wa mtu ambaye sitamtaja. Nimesema sitamtaja. Katikati ya makofi jukwaa likaanza kulia, kwaa, kwaa, na watu wakataka kushuka. Mlezi Mkuu, aliyekuwa amekaa upande wa pili kwenye zege, akainua mkono kuwaamuru wabaki palepale na waruke kwa furaha. Wakaruka.

Mdogo wangu Pazi alikuwa juu ya jukwaa lile. Hakurudi.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba sherehe ilikuwa imeahirishwa, kwamba uwanjani hakukuwa na mtu, kwamba Mlezi Mkuu alishinda nyumbani na mafua, na kwamba wananchi kadhaa wasioonekana majumbani mwao wamesafiri. Kila mama aliyesafiriwa aliletewa doti ya khanga kutoka Wizara ya Utulivu na Burudani, nyekundu, nzuri kabisa, imeandikwa MSAFIRI HALILIWI. Mama yangu, Bi. Mwatumu, aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama alivyofundishwa kwao, kisha akaichana vipande akawa anaepulia masufuria.

Mambo yangeishia hapo. Nchi yetu ni tulivu, watu wanajua kunyamaza. Lakini jirani yetu alikuwa na binti, Siwema, aliyekwenda kusomea filamu ng'ambo akarudi na miwani na ubishi.

Siwema alipita nyumba kwa nyumba na kamera yake ndogo akiwarekodi walionusurika. Wengine walizungumza wameipa kamera mgongo, wengine wamejifunika mtandio, mmoja alizungumza akiwa ndani ya kabati na hakukubali kutoka. Maneno akayapata mengi. Lakini tukio lenyewe? Picha hata moja hakuna, simu zilikuwa getini. Ndipo akaanza kugawa karatasi na vipande vya mkaa. Anamwambia mtu, chora ulichokiona. Anamwambia achore tena, na tena, kila mchoro umesogea kidogo kuliko uliotangulia, halafu anazipiga picha mojamoja na kuzipitisha haraka. Mtu wa mkaa anatembea. Anatembea vibaya, anatetemeka kama mwenye homa, lakini anatembea.

Alikuja kutuonyesha mchana mmoja pale nyumbani, na mimi mwenyewe nikacheka, nisiwafiche.

"Siwema," nikamwambia, "hii ndiyo makala yako nzito, au katuni ya chekechea? Huyu ana vidole kama kitana. Huyu shingo hana. Na huyu ni mtu au ni meza?"

"Huyo ni Mama Tausi, alivyoinama juu ya mwanawe."

"Sasa msiba mkubwa namna ile unauleta kwa mkaa? Unaiua filamu yako mwenyewe, mtoto wa watu! Si umtafute mchoraji, wapo vijana wanachora mabango ya vinyozi, mtu akitazama anadhani picha itamsemesha?"

Akavua miwani akaifuta. "Kaka Radi, nikileta fundi, watu watasema, ah, fundi huyu anajua kuchora. Wakiona hivi watauliza, nani kachora?"

"Watauliza, halafu?"

"Halafu watajua ni mtu aliyekuwepo."

Nilipolisikia hilo neno, kuwepo, nikainuka nikachungulia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nikafunga mlango hata hivyo, na dirisha, tukakaa tunatoka jasho.

Mama muda wote alikuwa anachambua mchele. Yeye siku ile hakwenda uwanjani, magoti yalimuuma. Ila walionusurika walimweleza: Pazi alikuwa ukingoni mwa jukwaa, anawavuta watoto mmojammoja anawateremsha chini kwa mkono, na hakuacha mpaka mbao zilipoacha zenyewe. Mama akaweka ungo chini, akauchukua mkaa. Mama yangu hajawahi kushika hata penseli. Akamchorea Pazi mwili kama gunia, miguu kama ya kigoda, kichwa kama kiazi, na mkono mmoja uliokwenda, ukaenda, ukaishiwa karatasi. Akaunganisha karatasi ya pili.

"Mama," nikasema, "mkono huu mbona hauishi?"

"Niliambiwa aliwatoa wengi."

Akamchora tena, na tena, ili aweze kutembea. Kila alipofika kwenye mkono hakuufupisha.

Tukaionyesha filamu kibandani kwangu. Sikutaka, lakini mama alinitazama, na mtu mwoga humwogopa kwanza aliye karibu. Kibanda kilijaa. Mama Tausi alipotokea kama meza, benchi la nyuma likaangua kicheko, na mimi kwenye maiki nikakoleza: "Mezani karibuni, chakula tayari!" Wakacheka zaidi. Kisha ikaja sauti ya Mama Tausi mwenyewe, ile kavu, akieleza alichokuwa amekiinamia. Meza ikawa inatetemeka pale kwenye kioo. Kicheko kikapungua upande mmoja, kikabaki kwa wawili, kikabaki kwa mmoja, naye akakohoa. Kuna muuza kahawa mmoja ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, hata kwenye matanga ya mama mkwe wake alipiga soga. Siku hiyo alivua kofia yake akaikunja magotini.

Sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa vizuri. Filamu za Wachina damu inamwagika ndoo kwa ndoo na watu wanaagiza bisi. Hapa kipande cha mkaa kimeacha tu kusogea, na mwanamume mzima anashindwa kuviona viatu vyake kwa machozi. Filamu ilipokwisha hakuna aliyenirushia ganda. Waliondoka bila kuagana.

Baada ya hapo kuta za mtaa zikaanza kuota watu. Watoto wanachora kwa mkaa, na ubaya wa picha mbaya ni kwamba kila mtu anaiweza. Pazi wa mkono mrefu alikuwa kwenye ukuta wa shule, wa zahanati, wa choo cha soko. Nilikuwa nikipita nafuta kwa kiwiko cha shati. Nikifuta mmoja, nakuta wengine.

Siwema wakamchukua. Mimi nikajificha kwa mama, nyuma ya pipa la maji. Wakaja watu wawili wenye viatu vizuri, wakamwamkia mama, wakachungulia nyuma ya pipa.

"Wewe ndiye DJ Radi?"

"DJ Radi amesafiri," nikasema.

Yule mmoja akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu. "Hapana. Bado. Waliosafiri tunawajua sisi."

Nilipelekwa mbele ya Bodi ya Picha Zinazotembea. Wajumbe walikuwa wamekwama. Sheria yao inamfunga mtu yeyote anayeigiza tukio lisilotokea, sasa mkaa utaufungaje? Walikuwa wameleta mpelelezi alinganishe michoro na picha za vitambulisho vya wananchi wote. Alifanya kazi kwa bidii na akafanikiwa kutambua birika. Mjumbe mmoja mnene alimwona kwenye filamu mtu mnene asiye na uso, na tangu hapo alikuwa hali chakula, anakaa pale amelegea, anakunywa maji kwa kijiko.

Mtaalamu wao alikuwa Profesa Ndelemba. Akasimama, akakohoa, akashika ukosi.

"Waheshimiwa, swali lililo mbele yetu ni la kitaaluma. Je, mchoro duni unaisaidia filamu nzito, au unaidhuru? Mimi nasema unaidhuru! Uzito hudai uzito. Huwezi kuubeba mzoga wa tembo kwa baiskeli. Mistari hii iliyopinda, vichwa hivi vya viazi, vinaushushia hadhi msiba ule mkubwa wa..."

"Msiba upi, Profesa?" akauliza Waziri wa Utulivu na Burudani, Mheshimiwa Mkwandule.

Nilimwona Profesa akibadilika rangi kuanzia masikioni.

"Msiba... ule ambao haukutokea, Mheshimiwa."

"Endelea."

"Nimemaliza, Mheshimiwa." Akakaa.

Mheshimiwa Mkwandule alikuwa mtu wa tabasamu. Nyie mnaomjua mtu wa tabasamu mnajua ninachokisema. Akainuka akazunguka meza pole pole, na kila alipopita nyuma ya kiti, mwenye kiti aliinamisha shingo.

"Ndugu wajumbe, serikali haiwezi kuogopa mkaa. Mnasema michoro hii inaiharibu filamu? Vizuri! Tuiache iiharibu. Tukiichoma, watu watasema ilikuwa na jambo. Mimi nasema tuionyeshe, tena mbele ya Mlezi Mkuu mwenyewe, na tuicheke kitaifa. Kitu kilichochekwa na Mlezi Mkuu, nani atathubutu kukililia?"

Wakapiga makofi, hata yule wa kijiko. Waziri akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwanangu, utatutafsiria kama kule kibandani kwako. Utani, vijembe, kila kitu. Wakicheka, binti yule anarudi kwao. Wasipocheka, anasafiri." Akanigusa bega. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Na wewe utambebea mizigo."

Nilirudi nyumbani nimeshika ukuta. Mama alikuwa anasonga ugali, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo utamcheka mdogo wako," akasema.

"Mama, ni kumwokoa mtoto wa watu. Na mimi. Naogopa, mama, sikufichi. Naogopa mpaka kucha."

"Kwa mwoga huenda kicheko," akasema mama, akageuza ugali. Nusu ya pili ya methali hakuitamka, na mimi sikuihitaji. Kilio kilikuwa kimeshafika kwetu.

Ukumbi wa Ikulu una mapazia mazito, yakishushwa mchana unakuwa usiku. Kabla Mlezi Mkuu hajaingia, afisa mmoja alitupitisha kwenye mazoezi ya kucheka: akiinua kalamu, kicheko cha kadiri, akiinua kalamu na miwani, kicheko cha kushika mbavu. Mawaziri walicheka vizuri sana, wana uzoefu. Mimi nilisimama pembeni na maiki, nikawa namwomba Mungu.

Mlezi Mkuu akaingia. Mtu mdogo, kiti kikubwa. Nyuma yake msaidizi na leso nyeupe, kwa maana tangu siku ile Mlezi Mkuu ana mafua ya kiserikali: siku hiyo ikitajwa tu, anapewa leso na anapiga chafya, ili ieleweke kwamba alikuwa anaumwa.

Filamu ikaanza, nami nikafungua mdomo. Jamani, uoga una kipaji! Sijawahi kutafsiri vile maishani mwangu. Meza niliifanyia posa. Birika nililipa uwaziri, kisha nikaomba radhi, wakacheka na radhi yenyewe. Sauti za mashahidi nilizifunika kwa vijembe, zisipate hata upenyo. Kalamu ilikuwa haikai chini. Mlezi Mkuu alianza kwa kutabasamu, akaja akacheka, akaja akawa anapiga mguu sakafuni. Mheshimiwa Mkwandule alinitazama akanikonyeza. Nikasema moyoni, Siwema, mtoto wa watu, jioni ya leo unakula kwenu.

Akatokea mtu mmoja aliyekaa juu kwenye kiti, kichwa kama chungu, mkono mmoja wa kijiti umeinuliwa. Macho hana, pua hana, hana chochote. "Na huyu bwana," nikasema, "anamwita muuza karanga!" Wakacheka sana. Mlezi Mkuu akafuta machozi.

Kisha akaingia Pazi.

Utani wake nilikuwa nimeuandaa tangu nyumbani. Nilipanga kusema, tazameni huyu, anaiba maembe kwa jirani. Ulikuwa utani mzuri. Lakini pale kwenye kioo mdogo wangu alikuja na miguu yake ya kigoda, anatetemeka, mkono unakwenda, unashusha, unarudi, unakwenda tena. Nikaiona mikunjo ya karatasi mama alipounganisha. Utani ule ukanipotea. Kimya kikaingia ukumbini, kidogo tu, ukubwa wa pumzi moja.

Na katika kimya hicho Waziri wa Barabara, ambaye kabla ya ukubwa alilelewa na vibanda umiza kama sisi sote, akajisahau. Akapaza sauti kutoka nyuma:

"DJ! Stelingi nani?"

Mdomo uliponza kichwa. Mdomo huu umefanya kazi hii bila kuniuliza tangu ujana. Ulijibu kabla sijaushika:

"Stelingi huyu hapa, wa mkono mrefu!"

Mlezi Mkuu akaacha kucheka.

"Simamisha," akasema. Filamu ikasimama, Pazi ameinama hapo na mkono wake. "Stelingi ni huyo? Wa miguu ya kigoda?"

"Ndiyo, Mtukufu. Yaani hapana, Mtukufu."

"Rudisha nyuma. Hapo hapo. Na huyu aliyekaa juu, ulisema ni nani?"

"Ni mtu tu, Mtukufu. Anamwita muuza karanga."

Mlezi Mkuu akasimama. Sijawahi kumwona mtu mdogo akirefuka namna ile.

"Muuza karanga! Umati wote ule nilioutuliza siku ile, kwa mkono mmoja, bila hata kipaza sauti, na wewe unaniletea habari za karanga? Tena hata kuchora mmekosea! Mkono ulikuwa wa kushoto! Wa kulia nilikuwa nimeshika juisi! Nani stelingi? Stelingi ni mimi!"

Mchoro ule haukuwa na jicho, haukuwa na pua, mpelelezi mzima aliukodolea macho akashindwa kuutofautisha na chungu. Nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuutambua, na ameutambua mwenyewe, kwa mkono wake na juisi yake.

Msaidizi, kwa kuwa siku ile imetajwa, akanyoosha leso. Mlezi Mkuu akamtupia jicho la hasira. Halafu taratibu, usoni mwake, nikaona akili ikimfikia. Akaichukua leso. Akapiga chafya.

"Afya, Mtukufu," tukasema sote.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mguu wa Mheshimiwa Mkwandule ulikuwa unacheza peke yake na tabasamu lake bado lipo usoni, limesahaulika hapo. Kila mmoja wetu alijua mwenzake amesikia. Tukatoka mmojammoja, kwa adabu, kila mtu anamwachia mwenzake mlango, maana hakuna aliyetaka kuonekana ana haraka.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba Ikulu hakukuwa na filamu yoyote, kwamba ukumbi ulikuwa umefungwa kwa ukarabati, na kwamba Mheshimiwa Mkwandule amesafiri. Profesa Ndelemba akasafiri. Waziri wa Barabara akasafiri, pamoja na dereva wake, ambaye alikuwa nje lakini dirisha lilikuwa wazi. Msaidizi wa leso, afisa wa kalamu na yule mnene wa Bodi, wote safarini. Mjini khanga nyekundu zikawa zinaanikwa kila uzio.

Siwema walimwachia. Siku ile alikuwa mahabusu, na kwa hiyo ndiye mwananchi pekee aliyehusika na filamu ambaye serikali ina uhakika hakusikia kitu. Walimpa na barua ya kumsifu kwa kutokuwepo. Alikuja kwetu amekonda, akakaa mkekani, mama akamwekea uji.

Ikatoka sheria mpya: ni marufuku kuchora mtu vibaya. Mtu achorwe na pua, na afanane na mtu mwenye kibali. Kuta zikapakwa chokaa, na juu ya chokaa Pazi akarudi, weusi wake umekolea kuliko mwanzo. Safari hii hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa yule mwenye kichwa cha chungu, mkono wa kushoto juu, wa kulia ameshika bilauri ya juisi.

Nilipoiona bilauri, nilikaa chini barabarani.

"Mama," nikamwambia nyumbani, "habari ya juisi nilikwambia wewe tu! Umemwambia nani?"

"Mimi?" akasema mama. "Nimemwambia Mama Tausi basi."

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa uani, Siwema, mama na mimi, tunakula muhogo. Ikapigwa hodi. Wakaingia vijana wawili wa Wizara, wapole, wamenyoosha mashati, wamebeba furushi.

"Shikamoo, mama. Pole na msafiri."

"Marahaba. Msafiri gani?"

"Mwanao, Ngwali." Wakamkabidhi doti ya khanga, mpya, nyekundu.

"Ngwali si huyu hapa," mama akasema.

"Ndiyo, mama, tunamwona. Tumeona tuilete mapema, wiki ijayo zitakuwa zimeisha, wasafiri ni wengi." Wa pili akanigeukia kwa heshima. "Habari za safari, kaka?"

"Njema," nikasema. Mlitaka niseme nini? Muhogo ulikuwa bado mdomoni, haumezeki, hautemeki.

"Jioni watapita wenzetu wa usafiri," akasema, wakaaga, wakatufungia na mlango.

Nikaanza kulia. Nililia kama mtoto, kamasi na yote, nimeishika nguzo ya jiko. Siwema alinishika mkono. Mama hakulia. Aliikunja khanga akaiweka kando ya masufuria, akanawa mikono.

"Siwema, nipe karatasi. Wewe, kaa pale penye mwanga, nikuchore."

Nikakaa. Akachora kwa mkaa wa jikoni, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa shule. Alinipa kichwa cha kiazi, mwili wa gunia, na mdomo mkubwa kuliko uso wenyewe. Mdomo huo aliurudia kuukoleza.

"Mama, hafanani na mimi."

"Wa kukujua atakujua."

"Na miguu? Mbona miguu hukuniwekea? Pazi ulimwekea."

Mama akaweka mkaa chini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

"Pazi nilimchora alipokuwa hana haja nayo tena," akasema. "Yako ondoka nayo. Sasa hivi, mwanangu, kupitia uzio wa chooni. Usinibusu, utachelewa."

Siwema akanisogezea malapa kwa mguu. Nikayavaa.

Hapa nilipo sitapataja, kwa sababu hapapo, kama nchi yenyewe isivyokuwepo. Nasimulia kwa kunong'ona, na mbwa akibweka nanyamaza kwanza. Lakini nyie mnaopita pita, siku moja mkiona ukutani mtu wa mkaa, mdomo mkubwa, amechorwa vibaya kupita kiasi, msimcheke mkapita. Mtazameni chini. Kama hana miguu, basi bado ninayo mimi.